Mwongoza Wageni Anyamaze

Kuna Noah moja inayokwenda na kurudi kati ya Makambako na Njombe, kilometa kama 60, na kila inapowashwa, mwanamke aliyejificha mahali fulani chini ya usukani husema Kijapani. Sauti yake ni laini, ya adabu, kama ya karani wa benki anayekuarifu kwamba akaunti yako haina kitu. Husema sentensi moja, akanyamaza, gari likaondoka. Dereva amekaa naye miaka mitano. Ukimuuliza mwanamke huyo anasema nini, hasiti: "Ananisalimia. Ananitakia safari njema."

Abiria tumeshamzoea. Mji wa Njombe hupitiwa na magari yenye maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hayajawahi kufutwa. Basi dogo mojawapo huenda lilikuwa la shule ya chekechea, au la duka la samaki. Sisi linatupeleka Uwemba. Maana yake ni kwamba Kijapani hakikuletwa Njombe na watalii. Kililetwa na meli mpaka bandari ya Dar es Salaam, usukani ukiwa kulia kama tunavyoutaka.

Mjadala ninaousimulia ulianza kwa sababu Noah haikuwa imejaa. Ilikuwa Februari, Makambako, mvua ya upepo, ule upepo wa pale unaokunyang'anya mwavuli na kukuachia fito. Tulikimbilia mgahawa mmoja karibu na njia panda, pale barabara ya Dar es Salaam na Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Tulikuwa watano. Dereva. Mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari maisha yake yote. Dada mmoja mwongoza watalii, ambaye Dereva humwita "gaidi" kama wanavyosema mtaani, naye siku hizi hata hacheki. Mama mwenye mgahawa, Mbena wa vijijini aliyehamia mjini na sufuria zake. Na mimi, niliyekuwa na daftari.

Dada alikuwa na karatasi. Ameandika mpango wa siku 14: wageni kumi kutoka Japani, wanafunzi wa chuo, waje kujifunza Kiswahili asubuhi na kutembezwa mchana. Jioni kibao kigeuke, wageni wawafundishe vijana wa Njombe Kijapani. Akampa Mwalimu asome, akitaka asahihishiwe lugha. Mwalimu akasahihisha kisichokuwa lugha.

MWALIMU: Binti, nimeisoma mara mbili. Saa mbili hadi saa sita darasa, saa nane hadi saa kumi na mbili matembezi. Nina swali dogo. Hiyo saa nane, mgeni amefika msitu wa Nyumba Nitu, mzee wa pale ameanza kueleza. Nani anasema na mgeni?

DADA: Mimi, mwalimu. Ndiyo kazi yangu.

MWALIMU: Basi darasa umelifuta. Asubuhi mimi namtia majini ajifunze kuogelea, mchana wewe unampakia mtumbwini.

DEREVA: Mwalimu naye! Mgeni kalipa nauli ya ndege ya watu wazima, unataka azame?

MWALIMU: Nataka alowane. Sikiliza. Kazi ya mwongoza watalii ni kuondoa ugumu. Mgeni asipotee, asichoke, asibaki ameduwaa. Kazi yangu mimi ni kuuacha ugumu pale pale na kusimama jirani. Kazi hizi mbili hazilali kitanda kimoja.

DADA: Zinalala, mwalimu, zikipangwa. Neno alilolisikia darasani asubuhi, mchana analiona kwa macho. Umemfundisha "maporomoko", namshusha kwenye mto Ruhuji, pale pale mjini, anayaona.

MAMA: Luhuji.

DADA: Ramani inasema Ruhuji, mama.

MAMA: Ramani haikuzaliwa hapa.

Hapa nitie neno langu. Wajapani hawatenganishi L na R, na sisi wa nyanda hizi hatuna ubavu wa kuwacheka. Mgeni akisema "kurara" badala ya "kulala", atakuta Njombe ndugu zake wengi waliopotoka upande wa pili. Mbali na hilo, masikio ya lugha hizi mbili yanaelewana kwa namna ya ajabu. Irabu zao ni zile zile tano zetu. Silabi zao karibu zote huishia kwa irabu. Kijana wa Makambako anaweza kusoma sentensi ya Kijapani iliyoandikwa kwa herufi zetu na Mjapani akamwelewa siku hiyo hiyo, jambo ambalo Kiingereza kilitunyima kwa miaka mingi ya shule.

Dada alilijua hilo. Alijifunza Kijapani chake kwa masomo ya redio ya NHK yanayoelezwa kwa Kiswahili, yale ya Anna, mwanafunzi kutoka Thailand. Akaanza kutuchezea maneno. Kasa, alisema, kwa Kijapani ni mwavuli. Na kasa wa baharini wao humwita "kame". Hana ni ua. Hana vilevile ni pua. Dubu naye anaitwa neno ambalo Mwalimu alilikatiza katikati na kuliondoa mezani. Mama aliuliza ni neno gani. Hakujibiwa mpaka leo.

DADA: Na wana ngeli, mwalimu.

MWALIMU: Ngeli? Wajapani?

DADA: Za kuhesabia. Huwezi kuhesabu kitu bila kutaja umbo lake. Vitu virefu, kama mwanzi, penseli, chupa, ni "hon": ippon, nihon, sanbon. Vitu bapa, kama karatasi na shati, ni "mai". Wanyama wadogo ni "hiki". Ukikosea wanakuelewa, lakini wanatabasamu.

MWALIMU: Kama mtu akisema "kitabu yangu".

DADA: Hivyo hivyo. Na "nihon", yaani viwili virefu, inasikika karibu sawa na jina la nchi yao. Mgeni wangu mmoja aliagiza bia mbili kwa Kijapani kwa utani, mhudumu akaelewa anataka bia ya Japani. Akamwambia imeisha.

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Nilidhani mjadala umekwisha hapo, kwa maana mtu wa lugha ukishampa ngeli umempa ugoro. Lakini alivaa miwani tena.

MWALIMU: Nimefurahi. Sasa nikuulize kuhusu siku ya ulanzi.

Dada aliinamisha macho kwenye chai.

Inabidi nieleze. Mwezi uliotangulia Dada alimpeleka mgeni mmoja wa Kijapani, kijana anayesoma Kiswahili, kwa mzee mgema wa kijiji kimoja nje ya Njombe. Mwalimu alikuwepo kwa kuwa mzee ni shemeji yake. Sasa ulanzi si kitu cha kuelezwa, ni cha kuangaliwa. Msimu wa mvua mianzi huchipua. Mgema huikata ncha ya chipukizi changa, akaiinamisha na kuifungia mbeta, kile kikopo cha mwanzi, na utomvu ukadondokea humo. Asubuhi na jioni hurudi kukata upya, kipande chembamba sana, wembamba wa ukucha, kwa sababu kidonda kikikauka maji hukata. Ukinywa siku hiyo hiyo ni mtamu, watoto hupewa. Ukilala unakuwa mkali, unaitwa mkangafu, na hao watoto huondolewa.

Kijana wa Kijapani alimtazama mzee akikata. Kwao huko mianzi wanaijua vizuri. Chipukizi lake ni mboga, huchimbwa na kuchemshwa. Kwa hiyo swali lilimtoka lenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Ukikata hivi, mwanzi haufi?"

Mzee akainua kisu, akafungua mdomo. Na Dada, kwa Kiingereza kizuri, akajibu yeye.

MWALIMU: Mzee akafunga mdomo. Nilimwona. Yule kijana amevuka bahari mbili kuja kuuliza swali lile kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiingereza na mtu ambaye hajawahi kugema.

DADA: Nilikosea?

MWALIMU: Jibu lilikuwa sahihi. Ndiyo maana liliniuma.

Kimya kidogo. Mama akaja na maandazi ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Nilitegemea Dada atajitetea kwa hoja za fedha. Hakufanya hivyo. Alikwenda mahali ambapo hata Mwalimu hakupatazamia.

DADA: Mwalimu, unamwona mwongoza wageni ni mtu wa kuziba pengo. Huko Japani waliwahi kumfanya mshairi. Mwaka 1928, mji wa Beppu, mji wa chemchemi za maji moto, mfanyabiashara mmoja, Kumahachi Aburaya, alianzisha basi la kuwazungusha wageni kwenye zile chemchemi wanazoziita "jehanamu". Ndani ya basi akaweka mabinti wa kueleza, wa kwanza nchini kwao. Maelezo yao yalikuwa mashairi. Yenye mizani: saba kwa tano, saba kwa tano, njia nzima.

MWALIMU: Saba kwa tano.

DADA: Basi linapanda kilima, dada anasimama, anaghani jehanamu. Mgeni akitoka pale ana beti kichwani. Mimi nikiwa na beti za namna hiyo za Kiswahili, za mtiririko, mgeni akazirudia kituo kwa kituo, bado nitakuwa nimemfutia darasa?

MWALIMU: Hapo umenishika. Ukinipa basi lenye mizani mimi napanda bure.

DEREVA: Nauli ni ile ile, mwalimu.

Hoja ya Dada ni nzuri, na ningependa siku moja kulipanda basi hilo. Ila nina shaka nayo. Wasikilizaji wa Beppu walikuwa Wajapani. Kijapani walikuja nacho kutoka nyumbani. Shairi la mwongozaji liliwapa mji, halikuwapa lugha. Mwanafunzi wa lugha anayekariri beti atapata ulimi laini, na hilo si dogo. Lakini yule mzee mgema hayumo kwenye beti. Hana pa kuingilia.

DEREVA: Mimi niwaulize kitu. Hawa Wajapani si walitupa mji? Nagai. Mwaka 2025. Sasa kama mji ni wetu, vijana wasome Kijapani waende, haya mambo ya kutembeza watu kwenye mianzi ya nini?

DADA: Kaka, hawakutupa mji.

DEREVA: Ilitangazwa!

Ilitangazwa, na ilitangazwa vibaya. Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, kule Yokohama, shirika lao la misaada, JICA, liliutaja mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata, kuwa "mji wa nyumbani" wa Tanzania. Miji mingine mitatu ikapewa Msumbiji, Ghana na Nigeria kwa mtindo huo. Nagai ilikuwa na urafiki na Tanzania tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Kusudi lilikuwa kutembeleana na kubadilishana. Huku kwetu habari ikasomeka kana kwamba tumekabidhiwa hati ya kiwanja. Kule kwao ikasomeka kwamba Waafrika wanahamishiwa mjini, simu za hasira zikamiminika kwenye ofisi za miji hiyo. Kabla ya Septemba kwisha, JICA ikaufuta mpango wote. Neno moja, "nyumbani", lilivukishwa bahari bila mtu wa kusimama nalo. Mwalimu alilitumia papo hapo kama ushahidi wake. Dada naye akalitumia kama wake. Sikuona aliyeshinda.

DEREVA: Basi kazi je? Nasikia wanachukua watu.

DADA: Tangu 2019 wana kibali cha wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, watunzaji wa wazee, wakulima, watu wa hoteli. Lakini ufaulu kwanza mtihani wa Kijapani, ngazi ya nne. Ngazi ziko tano, ya tano ndiyo ya chini. Huwezi kufaulu kwa kusikiliza gari.

DEREVA: Hilo gari ni mwalimu mzuri. Halijawahi kunichapa.

MAMA: Naweza kusema, au mgahawa ni wa wasomi?

Alikuwa amesimama muda wote, taulo begani. Alivuta kiti.

MAMA: Nilipokuwa binti, kijijini kwetu alikuja kijana wa Kijapani wa kujitolea. Hakuwa na mtu wa kumtembeza. Alikuja anajua Kiswahili cha kitabu, salamu ndefu mpaka viazi vinaungua. Mama yangu akampa kisu na kigoda. Akawa anamenya viazi na sisi kila jioni, hatumwambii kitu, tunapiga soga zetu. Unajua neno la kwanza alilolijua vizuri? "Bado." Kila baada ya dakika mbili anauliza, vimeiva? Bado. Vimeiva? Bado. Mpaka siku moja mama akamuuliza yeye, umeoa? Akajibu: bado. Tulicheka tukalia. Alikuwa amelipata.

MWALIMU: Hilo ndilo darasa.

MAMA: Ngoja, mwalimu, sijakufikia. Baadaye akaanza kuuliza, mbona nyie mkicheka hamcheki kwa Kiswahili? Maana jikoni kwetu tulikuwa tunasema Kibena. Kiswahili kilikuwa cha kumhurumia yeye. Akaanza upya na Kibena. Kamwene, kamwene, asubuhi mpaka jioni, anamsalimia hata mbuzi. Sasa huyu binti anaandika "lugha na utamaduni". Lugha ipi? Utamaduni upi? Mgeni anafundishwa Kiswahili, anapelekwa kwa Wabena. Hata huyo shemeji yako wa ulanzi, mwalimu, akijikata kisu hasemi "aah" ya Kiswahili.

Vijana wa kujitolea kutoka Japani wamekuwa wakija Tanzania tangu 1967. Kabla ya safari hukaa zaidi ya miezi miwili kambini, Komagane au Nihonmatsu, lugha ikiwa ndiyo shughuli kubwa ya siku. Osaka nako Kiswahili kimefundishwa chuoni kwa miongo mingi. Sehemu ngumu hawaifanyii huku. Huku huja kumalizia kwenye vigoda.

Na wapo waliokaa kigodani mpaka wakatoka na kitabu. Mwaka 2011 mtafiti Fumi Kondo, aliyesomea Chuo Kikuu cha Kyoto, alitoa kitabu kuhusu kilimo cha Wabena: bustani za mabondeni tunazoziita vinyungu, mashamba ya kuchoma yaliyounganishwa na upandaji miti, na ule utaratibu wetu wa kualikana kulima. Kitabu kizima. Kwa Kijapani. Nilipolitaja hilo mezani, Mama aliuliza kama mama yake yumo. Sikuwa na la kumjibu, sijui kusoma hata jalada.

DADA: Mnaona sasa? Mwalimu, mwaka 1935 Priebusch alichapisha sarufi ya Kibena na Kihehe, kwa Kijerumani. Babu zetu hawakuisoma. Sasa mabonde yetu yapo kwa Kijapani, na sisi hatuyasomi. Kila anayekuja kujifunza kwetu anaondoka na daftari. Ndiyo maana nimeweka lile somo la jioni. Si kwa ajili ya kupokea watalii tu. Nataka kijana mmoja wa Njombe, mmoja tu, akifungue kile kitabu aseme, hapa umekosea, bonde hili si la fulani.

Mwalimu aliichukua karatasi tena. Aliisoma upya kuanzia chini, kutoka somo la jioni kwenda juu. Kwa kawaida yake hiyo ni dalili ya heshima.

MWALIMU: Ila Kijapani cha kusoma kitabu si cha siku 14, binti. Wana herufi za silabi za aina mbili, halafu zile za Kichina ambazo mtoto wa shule kwao hutakiwa kuzijua zaidi ya elfu mbili.

DADA: 2,136. Najua. Ninazijua mia moja na kitu.

MWALIMU: Mia moja. (Akamtazama kwa namna mpya.) Huku unatembeza watalii.

DADA: Natembea nazo. Nikipanda Noah naandika kwenye kiganja.

Mimi nilitaka tuishie hapo. Dereva hakutaka, na hoja yake, niliyoidharau mwanzoni, ndiyo iliyonibadilisha kuliko zote.

DEREVA: Nyie mnabishana mgeni asemezwe na nani. Mimi nawaambia saa anayosema. Niliwapeleka watatu Kitulo, mwaka juzi, kuangalia maua.

Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa 2005, ni bonge la bustani juu ya mlima. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua yake, okidi na mengineyo, hufunguka kati ya Desemba na Aprili, yaani mvua zikiwa zimeshika njia. Ndiyo maana Dada amechagua Februari na Machi, vyuo vya Japani vikiwa likizo kabla ya mwaka wao wa masomo kuanza Aprili. Ukitokea Chimala unapanda kona 57 zilizoipa barabara ile jina lake, Hamsini na Saba. Ukitokea Njombe unapitia Makete.

DEREVA: Tumefika mahali, tope. Gari limekaa kitako. Mwongoza wageni wao, si huyu dada, mwingine, kavaa viatu vyeupe, anawaeleza kwa Kiingereza kwamba kuna changamoto ndogo. Wakatokea vijana wa kijiji. Wale Wajapani wakashuka, wakavua soksi, wakakunja. Wanakunja soksi, nakwambia, kwenye tope! Halafu ikaanza: sukuma! Subiri! Rudisha nyuma! Weka jiwe! Jiwe, siyo hilo! Tayari? Bado! Mama, ile "bado" yako ilikuwepo. Baada ya nusu saa yule binti wa Kijapani mwembamba ndiye anayepiga kelele, "moja, mbili, tatu, sukuma!" na vijana wanamfuata. Gari likatoka. Yule mwenye viatu vyeupe hakusema neno nusu saa nzima. Hakuwa na la kutafsiri. Tope lilishatafsiri.

MWALIMU: Kwa hiyo unashauri binti aandike tope kwenye ratiba?

DEREVA: Naandika mimi. Saa nane hadi kumi na mbili: tope.

Tulicheka, lakini Dada alitoa kalamu kweli. Akafuta mahali palipoandikwa "maelezo ya mwongozaji". Akaandika kwamba kila kituo dakika kumi za kwanza mwongoza wageni hasemi kitu, hata akiulizwa. Mwalimu akataka zote ziwe za kimya. Dada akakataa: ipo siku nyoka atapita, hapo yeye atasema. Wakapatana kwenye nusu saa, nyoka wakitengwa.

MAMA: Na jikoni asiingie kabisa.

DADA: Mama!

MAMA: Akae nje na dereva. Na jingine, binti. Hapo kwenye malipo nimesikia unasoma: mwalimu analipwa, dereva analipwa, wewe unalipwa. Mzee wa ulanzi ameandikiwa nini?

DADA: Zawadi. Sukari, sabuni...

MAMA: Wewe ukinyamaza, anayefundisha nani?

Hakuna aliyejibu haraka. Mimi niliangalia daftari. Wote wanne, mimi nikiwemo, tulikuwa tumeijenga nyumba yote juu ya mdomo wa yule mzee, na tulikuwa tumempangia sabuni. Nikiambiwa nipige kura, napiga kwa Mama. Mgeni anaweza kufika Njombe bila mwongozaji, hata bila Mwalimu, akibahatika akaangukia kigodani. Asipomkuta mtu wa kumwambia "bado" hajafika popote.

Dada aliandika kitu kwenye safu ya malipo. Sikukiona, aliziba kwa kiganja, na kiganja chenyewe kilikuwa na herufi za wino wa bluu zilizoanza kufifia kwa mvua.

Kondakta akapiga makofi mlangoni. Abiria wawili wa mwisho walikuwa wamepatikana. Tukaaga, Mama akakataa hela ya maandazi, tukakimbia chini ya mwavuli mmoja wa Mwalimu ambao upepo uliugeuza kabla hatujafika.

"Kasa," alisema Mwalimu, akiutazama ulivyopinduka.

"Kame sasa," alisema Dada.

Dereva alizungusha ufunguo. Mwanamke wa chini ya usukani akaamka, kwa adabu yake ile ile, akasema sentensi yake. Kwa mara ya kwanza Dereva hakuweka gia mara moja.

"Dada, wewe unajua Kijapani. Miaka mitano. Hivi ananisalimia kweli?"

Nilimwona Dada akifungua mdomo. Kisha akaufunga. Alimtazama Mwalimu kwenye kiti cha nyuma, Mwalimu akaangalia nje.

"Zima," alisema Dada. "Washa tena. Sikiliza neno la kwanza tu."

Akazima. Akawasha. Gari zima, watu wanane, magunia mawili ya viazi na kuku mmoja, likanyamaza.

"Kaado..." alirudia Dereva. "Kado. Kaado ga..." Alizima mwenyewe, akawasha tena bila kuambiwa. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na ile sauti. "Kado. Kadi? Anataka kadi?"

Dada hakujibu.

"Kadi gani, we mama?" Dereva aliuliza, akiinamia chini ya usukani. "Kadi ya nini?"

Akawasha mara ya nne.